Barua pepe ya kufungwa na kutiwa saini ku ordinatere ya nyumbani

Mtu akituma barua na boti kutoka Goma kwenda Bukavu bila kuitia mu bahasha, kila anayeishika njiani anaweza kuisoma. Barua pepe ya kawaida iko vile: kampuni inayoitunza inaweza kuona yaliyomo. Kwa mwanainchi anayeandikia shirika la haki za binadamu majina ya mashahidi, hilo si jambo dogo. Jina likivuja, ni mlango wa shahidi utakaogongwa usiku.

Dawa iko, tena ya bure. Mwaka 1991, Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu PGP. Leo Thunderbird inafanya kazi hiyo yenyewe, tangu toleo la 78 la mwaka 2020.

Kila mtu anakuwa na funguo mbili. Ule wa wazi anagawia wenzake. Wao wanautumia kumufungia barua. Ule wa siri unabaki kwake tu, ndio unaofungua, na ndio unaotia saini. Barua ikibadilishwa hata herufi moja, saini inaonyesha kosa.

Namna ya kufanya:

1. Kuweka Thunderbird ku ordinatere na kuingiza adresi ya barua pepe.
2. Mu «Paramètres des comptes», kufungua «Chiffrement de bout en bout», kisha «Ajouter une clé», na kutengeneza ufunguo mpya.
3. Kupeana funguo za wazi na mwenzako.
4. Kupigiana simu ao kuonana, na kusomeana alama ya ufunguo, mara nyingi herufi na tarakimu 40. Wengi wanaruka hapa. Mwizi akileta ufunguo wake kwa jina la rafiki, barua itafungwa vizuri sana, lakini kwa ajili ya mwizi.
5. Kabla ya kutuma, kuchagua kufunga na kutia saini.

Mipaka pia iko. Jina la anayetuma, la anayepokea na tarehe vinabaki wazi. Ku kichwa cha barua, heri kusiandikwe siri yoyote.

Kazi hii haifanywe ku ordinatere ya siberi. Na kopi ya ufunguo wa siri iwekwe ku flashi, yenye neno la siri, ifichwe mbali na mashini. Ordinatere ikiibiwa ao ikiunguzwa na kura, bila kopi hiyo barua zote za zamani hazitafunguka tena, hata kwa mwenyewe.