Baada ya sinema, tuzungumze



Kila Jumapili, baada ya Misa na kabla ya mkutano wa kikundi, tunawasikia mkiulizana juu ya filamu mliyoitazama juzi, au juu ya ile ya mfululizo ambayo sehemu yake ya mwisho imewanyima usingizi. Mmoja anasifu, mwingine anakosoa, wa tatu anaomba apewe naye aihifadhi katika simu yake. Wako wanaodhani kwamba mazungumzo hayo ni ya upuzi na hayastahili uwanja wa kanisa. Sisi hatuoni hivyo. Anayemwambia mwenzake «itazame filamu hii» anampelekea mgeni nyumbani, na mgeni huyo ataketi na wadogo zake pia. Kanisa limelifikiria jambo hilo kwa karibu miaka mia moja, na historia yake hapa kwetu Kongo ina somo tusilopaswa kulisahau.

Mwaka 1928, Wakatoliki wa nchi mbalimbali walikutana The Hague, Uholanzi, wakaunda ofisi ya kimataifa ya Kikatoliki ya sinema, iliyojulikana kwa jina la OCIC. Miaka minane baadaye, tarehe 29 Juni 1936, Papa Pio XI alitoa waraka Vigilanti Cura. Aliona kwamba sinema humfikia mtu akiwa ameketi gizani, akili yake ikiwa imepumzika, na kwa hiyo picha huingia ndani yake bila kupingwa. Aliagiza kila nchi iwe na ofisi ya kuzipima filamu na kutangaza orodha: zipi zinafaa kwa wote, zipi zinahitaji tahadhari, zipi zina madhara. Waamini wengi wakazoea kusoma orodha hiyo kabla ya kununua tiketi.

Katika Kongo ya Wabelgiji, hata hivyo, kupima filamu kulichukua sura nyingine. Serikali ya kikoloni iliamua filamu zipi Mkongomani aruhusiwe kuziona, na Mzungu aliweza kutazama zile ambazo jirani yake mweusi alikatazwa. Walidai kwamba Mwafrika hawezi kutofautisha picha na ukweli. Tuseme wazi, bila kuwavunjia heshima waliotuletea Injili: wamisionari wengi nao walifikiri hivyo. Baadhi yao walitengeneza filamu maalumu kwa ajili ya Wakongomani. Katika Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo watu walivipenda sana. Katika misheni nyingi filamu zilionyeshwa nje usiku, na mtu mmoja alisimama kando ya kitambaa akieleza kwa lugha ya watu kile kinachotendeka. Watazamaji walicheka kwa furaha ya kweli. Lakini filamu ilipokwisha, ni nani aliyewauliza wao walifikiri nini?

Jibu la swali hilo lilionekana Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Katika miaka ya 1950, vijana wa mitaa yake walijaa katika kumbi za sinema kutazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Walimpenda Buffalo Bill hata wakajiita Bills. Walivaa kama yeye, wakayapa maeneo yao majina ya Kimarekani, wakaunda usemi wao wenyewe uliochanganya Lingala na Kifaransa. Humo walipata ujasiri na mshikamano, wakati ukoloni uliwanyima vijana heshima. Humo pia walipata ngumi, visu na dharau kwa wasichana, nao wasichana ndio waliolipa gharama ya ushujaa huo. Tume ya serikali ilikuwapo, orodha zilikuwapo, havikuzuia kitu. Vijana hao walikuwa na maoni mengi juu ya filamu zao, ila hapakuwa na mkubwa aliyeketi nao kuyasikiliza.

Baadaye alipatikana mmoja. Padri Jozef de Laet, Mbelgiji wa Scheut, aliwaendea vijana hao mahali walipokuwa, akajifunza usemi wao, akawa rafiki yao. Nao wakamwita Père Buffalo. Hakuanza kwa kuwanyang'anya shujaa wao. Alikubali hata kubeba jina lake. Hatusemi kwamba ugomvi wote ulikwisha. Tunasema kwamba yeye alielewa jambo ambalo tume haikulielewa: kijana aliyekwisha kuona picha hawezi kuamriwa asiwe ameiona. Anaweza tu kusaidiwa kuipima.

Kanisa lote lilikuwa likielekea huko. Mwaka 1957, Papa Pio XII katika waraka Miranda Prorsus alihimiza watazamaji wafundishwe kuielewa sinema, pamoja na redio na televisheni. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati Inter Mirifica, ikiwataka vijana wajizoeze kiasi, wajadiliane na walimu wao na wenye ujuzi juu ya wanayoyaona na kuyasikia, na wajifunze kutoa hukumu iliyo sawa. Hivyo kazi ya kupima, ambayo zamani ilikuwa ya ofisi, imewekwa pia mikononi mwenu.

Na mwana wa nchi, ambaye zamani alichaguliwa cha kutazama, leo anasimama hata nyuma ya kamera. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, aliongoza pamoja na Benoît Lamy filamu La Vie est belle ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba anacheza. Filamu yake Pièces d'identités ilipata tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou mwaka 1999. Lingekuwa jambo la kusikitisha kama watoto wa nchi hiyo hiyo wangeridhika kusema juu ya filamu «ni nzuri» au «ni mbaya», bila kutoa sababu.

Kwa hiyo tunawaomba neno moja. Mkutano wenu ujao, chagueni filamu ambayo wengi wenu mmekwisha kuiona. Mulizane: ni nani anayeheshimiwa humo, na ni nani anayedharauliwa? Mwanamke anatendewaje, na maskini je? Ubaya unalipiwa na nani? Je, ningependa mdogo wangu amwige nani? Asiyekubaliana na wengine apewe nafasi ya kusema, na msimamizi asikilize kabla ya kufundisha. Mtume Paulo aliwaasa Wathesalonike kupima yote na kushika lililo jema. Hakuwaambia wafumbe macho.

Kisha, mtakaporudi nyumbani na kumwambia mtu «itazame filamu hii», mtakuwa mmemshauri kama ndugu anayemtakia mema.