Chatu, dawa na dadu: nani anaongezewa nguvu, mnyama au mwenye mnyama?

Leo naweka pembeni habari za foleni ya chakula na madesa ya mtihani, naingia kwenye historia ya nyumbani. Si mnajua tena, mtu wa Sengerema hakosi neno la kusema ngoma ikitajwa.

Kilichonichokoza ni mchezo. Hapa bweni kuna jamaa wamenogewa na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa dadu, karatasi na kalamu. Msimulizi mmoja anaeleza dunia ya kubuni, wengine wanajifanya mashujaa ndani yake. Ulitoka mwaka 1974, kazi ya Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax alikuwa anaishi Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, mji wa ziwani kama sisi tu.

Hawa jamaa wanatumia sheria zilizorekebishwa mwaka 2003. Humo kuna mhusika anaitwa druid, kuhani wa msituni, ambaye anapewa mnyama wa kuandamana naye: mbwa, mbwamwitu, tai, hata nyoka mwenye sumu. Mnyama huyo ana sheria zake za kuongezewa nguvu. Kuhani akipanda daraja, mnyama naye anapanda. Akifika daraja la 3, mnyama anapata uhai zaidi, ngozi ngumu zaidi, na wepesi wa kukwepa mashambulizi fulani. Nyoka mkubwa wa kunyonga, yaani wa aina ya chatu, huruhusiwi kumchukua mpaka ufike daraja la 4. Mnyama akifa, kuhani anafanya ibada ya saa 24 bila kukatisha ndipo anapata mwingine.

Nilivyoona chatu kwenye orodha nikacheka sana. Nikawaambia, jamani, haya mambo kwetu yapo miaka mingi kabla ya Gygax kuzaliwa! Wakaniambia niache sifa. Haya, wacha niwaeleze.

Masimulizi ya Usukumani yanasema kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwepo waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Kila mmoja alisema dawa yake ndiyo kali. Watapimaje? Wakakubaliana wapimane kwa ngoma: atakayevuta watu wengi uwanjani, dawa yake ndiyo yenye nguvu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo vikundi vya ngoma vya Kisukuma vinajihesabu upande mmoja au mwingine.

Angalieni sheria yenyewe ilivyo nyepesi. Mavuno yakiisha, vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna jaji anayekaa na kalamu. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, mara huku mara kule, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Dawa ya kuvuta watu ina jina lake, samba. Lakini samba peke yake haimtoshi manju... anahitaji nyimbo mpya, anahitaji mbinu, anahitaji kitu cha kufanya watu wa upande wa pili wageuze shingo. Hapo ndipo wanyama wanapoingia: chatu anayezungushwa shingoni, nungunungu, hata fisi aliyefungwa kamba.

Sasa swali langu. Kwenye mchezo wa mezani, anayeongezewa nguvu ni mnyama. Je, kwa Wasukuma ilikuwa hivyo hivyo?

Hapana, na hapa ndipo utamu wa hii historia ulipo. Chukua Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika habari zao mwaka 1946 kwenye jarida la Africa. Baadaye akaandika pia kuhusu picha walizochora ukutani kwenye nyumba zao za mafunzo. Chama kilikuwa na siri, kilikuwa na jando lake, na anayeingia alianza kama mwanafunzi. Alijifunza nyoka na tabia zao, alijifunza miti na mizizi, alichanjwa dawa mwilini. Umeona? Dawa inaingia kwa mtu. Nyoka anabaki nyoka, haongezewi kitu.

Na ukifikiria ni sawa kabisa. Chatu hana utii wa mbwa. Anachoweza ni kuzoea kushikwa. Ukimsumbua ametoka kula atatapika, kukiwa na baridi anazubaa, na ngoma haisikii kama wewe unavyoisikia, zaidi anahisi mtikisiko wa ardhi. Kwa hiyo yule manju anayeonekana "anamwamuru" chatu, ukweli ni kwamba amemsoma. Anajua saa ya kumtoa kwenye kapu na saa ya kumrudisha. Daraja lililopanda ni la kwake mwenyewe.

Kuna jambo jingine. Uwanjani Bayeye walikuwa kama tangazo tu, kazi yenyewe ilikuwa kijijini. Mkulima akiumwa na kifutu akipalilia pamba, aliitwa Myeye. Nyoka akiingia ndani ya nyumba, aliitwa Myeye. Ujuzi wa kucheza na ujuzi wa kutibu vilikaa kwenye mkono mmoja, na watu waliomshangilia Jumapili ndio walewale waliomgongea mlango usiku. Ndiyo maana ushindi wa ngoma ulikuwa na uzito: kijiji kilikuwa kinachagua cha kumwamini nani.

Mambo haya yalifikaje Sengerema, wakati hapa asili ni Buzinza? Yalivuka maji na watu. Usukumani kulijaa watu na ng'ombe, na mpango wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza Usukuma, kuanzia 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950, ulisukuma watu wahamie upande wa Geita, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Sengerema yetu. Walikuja na majembe, mifugo, na Ugika na Ugalu wao. Walivuka ghuba kwa vyombo vya majini. Sisi wa leo tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025.

Ng'ambo ya pili, Bujora karibu na Kisesa, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma miaka ya 1950, na humo kuna banda zima la vyama vya ngoma. Sikukuu ya Bulabo hapo Bujora, kila mwaka mwezi Juni, ndiyo imewapa Bagika na Bagalu uwanja wa kushindania mpaka leo.

Sasa niseme linaloniuma. Siku hizi vijana wanataka chatu bila jando. Wanamkamata, wanamzungusha mnadani, wanapigwa picha, basi. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa porini, lakini hilo ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni kwamba wamechukua onyesho wakaacha shule. Na hata wale wenye chanjo, tusidanganyane: hakuna ushahidi wa kitaalamu kwamba kuchanjwa kunazuia sumu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na tiba iliyothibitishwa ni dawa ya kupunguza sumu inayotolewa hospitali. Ukiumwa, kimbia hospitali, hadithi za ngoma utasimulia ukipona.

Lakini kile Bayeye walichojua kuhusu nyoka wanakaa wapi, wanatoka lini, yupi wa hatari na yupi wa kuachwa apite zake, hicho ni elimu, na kinazikwa na wazee mmoja mmoja. Mwenye guku aliyewahi kuwa Myeye, iwe Sengerema, Magu au Kwimba, akienda likizo akae naye na daftari. Aanze na majina ya nyoka kwa Kisukuma, halafu amwache mzee aongee.

Haya, ngoja nikalale, kesho kuna kipindi saa moja asubuhi. Mwadila wadau.