ZAWADI ZA MIKONO YETU
Historia Fupi ya Noeli katika Mutshatsha na katika Inchi ya Lualaba



Kitabu cha Yubile huandikwa kwa kawaida majina ya mapadri, miaka ya kujenga kanisa, na hesabu ya wabatizwa. Mambo hayo ni mazuri na lazima yaandikwe. Sisi lakini tumechagua jambo moja dogo ambalo halionekani katika daftari za parokia: nyota ya matete, sanamu za udongo, mushumaa wa nta, gari la waya, mwana wa kitambaa, na kila kitu ambacho wazee wetu walikitengeneza kwa mikono yao ili mutoto asikae mikono mitupu siku ya Noeli. Tunataka kuonyesha kwamba jambo hilo dogo liliichunga imani katika miaka migumu, na kwamba leo linaweza kupotea katikati ya wingi wa vitu vya kununua.

1. Kutoka Greccio mupaka Lualaba

Mwaka 1223, usiku wa Noeli, Fransisko Mutakatifu wa Assisi aliwaita watu wa kijiji cha Greccio, katika inchi ya Italia. Aliagiza walete hori, majani makavu, ngombe na punda, kusudi watu waone kwa macho yao umasikini wa Mutoto aliyezaliwa Betelehemu. Misa ilisomwa juu ya hori lile, naye Fransisko, kwa kuwa alikuwa shemasi, akaimba Evanjili. Tuangalie vizuri: Fransisko hakuagiza kitu chochote kutoka mbali. Majani yalikuwa ya shamba la pale, nyama walikuwa wa wenyeji, na mienge ililetwa na watu wenyewe kutoka nyumba zao.

Habari hii inatuhusu sisi kwa karibu. Wamisionere waliohubiri Evanjili katika eneo la Lulua tangu miaka ya 1920 walikuwa Wafransisko kutoka Ubelgiji. Jimbo letu la Kolwezi lilipoundwa mwaka 1971, askofu wake wa kwanza, Mgr Victor Keuppens, alikuwa vilevile mwana wa Fransisko. Na kule Kamina, Padri Guido Haazen, Mufransisko, aliwaacha waimbaji wake waimbe Misa kwa sauti na ngoma za kwao. Hivi ndivyo ilivyozaliwa Missa Luba, iliyojulikana dunia nzima tangu mwaka 1958. Wimbo wa mwenyeji ulipopata mulango katika Misa, hatuoni sababu gani udongo wa mwenyeji ukose mulango katika pango la Noeli.

2. Mafundi waliokuwa mbele ya wamisionere

Ni kosa kuzani kwamba kazi za mikono zilifundishwa huku na Wazungu. Mbele ya kuja kwao, mafundi wa inchi hii waliyeyusha jiwe la kijani katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makaa ya miti na kwa mivuvuto, wakaimimina shaba katika umbo la musalaba. Misalaba hiyo ilikuwa feza ya inchi. Watu walinunua nayo, na walilipa nayo mali ya ndoa. Wataalamu waliochimba makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta imewekwa pamoja na wafu. Mgr Jean-Félix de Hemptinne, aliyesimamia Eklezya ya Katanga kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1926 juu ya mafundi hao, waliojulikana kwa jina la “wala shaba”.

Tusizidishe maneno: musalaba ule wa shaba haukutoka katika Evanjili, na wazee wale hawakumujua Kristu. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mikono ya watu wetu ilijua kumimina umbo lile kwa karne nyingi mbele ya kusikia maana yake.

Zaidi ya shaba kulikuwa nta. Watshokwe walitundika mizinga ya maganda ya miti katika pori, na katika karne ya 19 nta yao ilibebwa mupaka pwani ya Angola na kuuzwa kwa wafanyabiashara. Kulikuwa tena mikeka, vikapu, vyungu, na kuchonga miti, kazi ambazo Walunda, Wandembu, Waluena na Watshokwe walizijua tangu utoto. Mukristu wa kwanza wa huku alipoambiwa atengeneze pango, hakuanza na mikono mijinga.

3. Treni na vitu vyake

Mwaka 1931 njia ya reli ya Katanga iliungana na ile ya Benguela, kupitia Dilolo. Tangu siku hizo Mutshatsha ni stasioni katika njia iendayo baharini, mupaka bandari ya Lobito. Shaba ilishuka na vitu vya Ulaya vilipanda: vitambaa, sabuni, chumvi, karatasi za rangi. Katika kambi za kazi za Kolwezi, watu walianza kuona Noeli ya dukani. Vijijini, ambako feza ilikuwa chache, Noeli ilibaki ya mikono. Na wengine walianza kuizarau, wakisema ni Noeli ya masikini. Hawakujua kwamba siku zinakuja ambapo hiyo tu ndiyo itakayobaki.

4. Miaka ya majaribu, 1972 mupaka 1978

Mwaka 1972 serkali ya wakati ule ilikataza majina ya kikristu. Katikati ya mwaka 1974 ilitangaza kwamba tarehe 25 Desemba si tena siku ya mapumziko. Kisha iliamuru picha za dini zitolewe katika nafasi za watu wote, na shule za Eklezya zikanyanganywa, somo la dini likafutwa. Noeli ya mwaka 1974 ilianguka siku ya tatu, na siku hiyo ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Mufanyakazi aliamka, akavaa nguo za kazi, akaenda.

Tuelewe matokeo yake. Pango lililokuwa likijengwa shuleni halikuwa tena na nafasi. Basi likahamia nyumbani. Sanamu tatu za udongo juu ya kiti kidogo, karibu na ukuta, zilitosha. Baba alirudi kazini jioni, mama alikuwa amewasha mushumaa, watoto walikuwa wamepanga kondoo wao wa udongo, na Noeli ilikuwa imefika. Hakuna amri iliyoweza kuifuta sikukuu isiyohitaji ruhusa wala duka.

Mwaka uliofuata, katika Agosti 1975, vita ya Angola iliifunga njia ya reli ya Benguela, na vitu vya Lobito vikakoma. Kisha vita ikafika kwetu wenyewe. Tarehe 8 Machi 1977 waaskari waliotoka Angola waliuvuka mupaka. Tarehe 25 Machi waliikamata Mutshatsha. Tarehe 25 Aprili jeshi la serkali, likisaidiwa na waaskari wa Maroko, liliirudisha. Watu wengi walikuwa wamekimbilia porini, na wengi wakavuka kwenda Angola. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 1978, vita ikaangukia Kolwezi.

Kati ya vita hizo mbili kulikuwa Noeli moja, ile ya mwaka 1977. Wazazi wetu wanapoisimulia hawasemi juu ya chakula, kwani kilikuwa kidogo. Wanasema juu ya nani alikuwapo na nani hakuwapo. Katika wakati kama ule, mwana wa kitambaa aliyeshonwa kwa kipande cha kikwembe cha bibi si kitu cha muchezo tu. Anamwambia mutoto: tulikukumbuka, tungali watu wa nyumba moja. Tunafikiri hiyo ndiyo maana ya kwanza ya zawadi, na duka haliwezi kuiuza.

5. Namna ya kazi

Kwa kuwa vijana wengi hawajui tena kazi hizi, tunaziandika hapa zisizikwe pamoja na wazee.

Udongo wa sanamu ni ule wa kichuguu, kwa sababu ni laini na unashikana. Unapondwa, unachungwa mawe na mizizi, unalowanishwa, kisha unakandwa kama bukari. Desemba ni mwezi wa mvua. Kwa hiyo sanamu zianzwe katika juma la kwanza la Majilio, zikauke polepole kivulini, na mwishoni karibu na moto wa jikoni. Zikiwekwa mbele ya moto mukali siku ya kwanza, zitapasuka. Rangi nyeupe ni pemba, nyeusi ni makaa, nyekundu ni udongo wetu wenyewe, na huo haukosekani Lualaba.

Nyota hufanywa kwa matete matano yaliyofungwa kwa kamba ya maganda, kisha hufunikwa karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo. Nta ya nyuki huyeyushwa katika maji ya moto na kuchujwa kwa kitambaa. Uzi wa pamba huchovywa humo, hutolewa, hungojewa ukauke, na huchovywa tena mara nyingi mupaka mushumaa unenepe. Tunawaomba akina mama wasiwashe mushumaa karibu na majani makavu ya pango, wala watoto wasibaki peke yao nao.

Gari la waya ni kazi ya vijana: mwili wa waya uliokunjwa, magurudumu ya mikebe, na usukani murefu ili mutoto aliendeshe akiwa amesimama. Mupira hufanywa kwa matambara yaliyofungwa vizuri. Mabinti husuka vikapu vidogo, na vikapu hivyo hubeba maembe, ambayo Mungu huyaivisha karibu na Noeli bila kutulipisha kitu. Kwa mapambo ya kanisa hutumiwa matawi ya mitende, na maua mekundu ya miti iliyopandwa kando ya barabara.

Na desturi moja tusiiache: nafasi ya Mutoto Yezu katika hori hubaki wazi mupaka usiku wa Noeli. Anayejua kungoja ndiye anayejua kupokea.

6. Shaba ya haki na shaba ya wizi

Kuna neno gumu ambalo mukatekista hawezi kulikwepa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka, na mwaka 1994 shaba iliyotolewa haikufika tani 50,000. Mishahara ilikosekana, njaa iliingia, na watu wamoja walianza kukata nyaya za umeme na kuziuza.

Waya huo ulifika vilevile katika mikono ya wanaotengeneza bangili, misalaba na vitu vya muchezo. Tuseme wazi: kinachotengenezwa kwa mali iliyoibwa si zawadi, hata kikipendeza namna gani. Waya uliokatwa ni giza katika nyumba ya mwingine, na pengine ni giza katika hospitali. Fundi anayeponda picha juu ya bati la shaba alilolinunua, ao anayesugua malakiti aliyoipata kwa haki, huyo anastahili sifa na malipo yake. Lakini mutoto asifundishwe kumutolea Yezu kitu cha jirani. Afazali kondoo wa udongo.

7. Noeli ya leo

Tangu mwaka 2015 sisi ni watu wa Provensi ya Lualaba. Dunia nzima inatafuta shaba na kobalti yetu, na malori hayakomi barabarani. Tarehe 25 Desemba ni tena siku ya mapumziko. Katika masoko ya Kolwezi utakuta nyota za plastiki, miti ya plastiki, na taa ndogo za rangi kutoka Uchina. Hatukatazi mutu kununua. Lakini tunaona baba asiye na feza akijificha na watoto wake siku ya Noeli, kwa haya. Tunaona watoto wakipima mapendo ya wazazi kwa bei. Majaribu ya mwaka 1974 yalikuja kwa amri, na watu waliyatambua mara moja. Majaribu ya leo yanakuja yakiimba, na kwa sababu hiyo ni magumu zaidi kuyatambua.

Tarehe 1 Desemba 2019 Baba Mutakatifu Fransisko alikwenda Greccio kwenyewe na kutia sahihi barua juu ya pango la Noeli, akiwaomba wakristu waendelee kulitengeneza nyumbani, kazini, shuleni, hospitalini. Mwaka 2023 Eklezya ilikumbuka miaka 800 ya usiku ule wa Greccio. Sisi wa Mutshatsha, ambao Evanjili ilitufikia kwa mikono ya Wafransisko, hatuwezi kuwa wa mwisho kuitika.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa Yubile, tunaomba mambo matatu. Kila shirika litengeneze pango lake kwa udongo wa mahali pake. Kila muzee anayejua kazi moja achague watoto wawili na kuwafundisha mbele ya Majilio kwisha. Na kila nyumba itengeneze zawadi moja kwa ajili ya nyumba isiyo na baba ao mama, ipelekwe bila matangazo.

Mamajusi walileta zahabu, uvumba na manemane, nao walikuwa watu wa mali. Juu ya wachungaji Evanjili haisemi walileta nini. Inasema tu kwamba walikwenda kwa haraka, wakamukuta Mutoto amelala horini. Nasi twende kwa haraka, na tusiogope udongo ulio juu ya mikono yetu. Yozefu, fundi wa mbao, atatufungulia mulango.

Mungu awabariki wote, na Yubile njema.