Maneno ya Wodini: Historia Fupi ya Lugha ya Tiba Mbulu na Hanang

Mwanafunzi wa uuguzi anayepangiwa mafunzo kwa vitendo katika wodi za Mbulu au Hanang hukabidhiwa, pamoja na sare yake, mzigo wa maneno. Faili la mgonjwa limeandikwa kwa Kiingereza. Dozi imeandikwa kwa vifupisho vya Kilatini: BD, TDS, PRN. Majina ya maradhi mengi yana asili ya Kigiriki. Muuguzi wa zamu anaelekeza kwa Kiswahili. Mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa bibi aliyeteremshwa kutoka kijiji cha mbali, anaugulia kwa Kiiraqw, Kidatoga au Kinyiramba. Makala haya yanauliza mpangilio huu ulitoka wapi, na ni nani anayelipa gharama yake.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ni sehemu chache barani Afrika ambako lugha za asili nne tofauti zinapakana kama hapa: Kiiraqw ambacho ni Kikushi, Kidatoga cha Wabarabaig ambacho ni Kinailoti, lugha za Kibantu kama Kinyiramba na Kinyaturu, na Kihadza cha Bonde la Yaeda, ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu. Kiswahili kilikuja kama lugha ya utawala, kwanza chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilipofunguliwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya daktari, wala hakikuwa ya mgonjwa. Kilikuwa daraja ambalo pande zote mbili zililazimika kulipanda.

Baada ya Azimio la Arusha, daraja hilo lilipanuliwa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za Serikali na ya elimu ya msingi, na BAKITA likaundwa kwa sheria. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea, ikazungumza nao juu ya malaria, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu kwa maneno waliyoyaelewa. Taifa lilithibitisha kwamba elimu ya afya inawezekana kwa Kiswahili. Hata hivyo, vyuo vya tiba na uuguzi viliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Hapo ndipo ufa ulipoanza: mwananchi alifundishwa afya kwa lugha moja, na mhudumu wake akafundishwa kwa nyingine.

Mwanafunzi hana budi kuyajua maneno ya faili, tena barabara. Ajifunze viambishi kabla ya majina marefu: "-itis" ni uvimbe wenye joto na maumivu, "-emia" ni hali ya damu, "hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua. Viambishi hivi viwili vya mwisho hukaribiana mno kwa sauti, na katika wodi yenye kelele sukari iliyoshuka yaweza kusikika kama sukari iliyopanda, ilhali tiba zake zinapingana. Bahati nzuri ulimi wetu hutamka "hypo" kama "haipo". Basi mwanafunzi akumbuke: hypo, kuna kitu hakipo cha kutosha. Na amri inapotolewa kwa mdomo, airudie kwa Kiswahili: "Sukari imeshuka, siyo?"

Kazi ngumu zaidi ni kulipeleka neno kwa mgonjwa. TDS maana yake ni mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Kwenye bahasha ya dawa tunaandika "kutwa mara tatu". Lakini kutwa, kwa Kiswahili cha asili, ni tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Mgonjwa anayemeza vidonge asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha akaacha usiku wote bila dawa, amelitii neno kama lilivyoandikwa.

Tazama pia "kifafa cha mimba". Ni jina lililozoeleka la degedege la mjamzito linaloambatana na shinikizo la damu. Ni ugonjwa tofauti kabisa na kifafa. Ndugu wa mgonjwa akijibu kwamba ukoo wao hauna kifafa, hajakataa matibabu. Jina ndilo limempoteza. Muuguzi aulize kwanza juu ya kichwa kuuma, macho kuona ukungu na miguu kuvimba.

Neno zito kuliko yote ni "mfu". Utafiti wa hospitali 8 nchini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wakunga walipofunzwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Idadi ya walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu muda mfupi baada ya kufariki nayo ilipungua, kwa asilimia 24. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba baadhi yao walikuwa hai, ila hawajavuta pumzi. Haydom imekuwa miongoni mwa vituo muhimu vya utafiti wa aina hii, na funzo lake ni la kila chumba cha kujifungulia: neno likiwahi kuandikwa, mkono huacha kufanya kazi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliifunika sehemu ya Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Siku kama hiyo hakuna anayepata nafasi ya kufungua kamusi. Maneno ya "unaumwa wapi", "pumua" na "usimsogeze" lazima yawe yamekwisha kukaa kinywani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya jirani.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa halmashauri na vyuo, pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Kila mwanafunzi anayefika wodini apewe daftari lenye safu tatu: neno la faili, neno la Kiswahili, na neno la wenyeji. Safu ya tatu aijaze mwenyewe, kwa kuwauliza wauguzi wazawa na wagonjwa. Historia ilimwachia mgonjwa kazi ya kupanda daraja peke yake. Ni wakati wa mhudumu kuteremka na kumlaki.