Jina la Kupewa

Msafiri Mwingereza Speke hakujua Kiswahili. Mwaka 1858 alipomwacha mwenzake Burton mgonjwa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini, alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili. Majibu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Tarehe 3 Agosti wakaliona ziwa Nyanza. Speke akalipa jina la malkia wake.

Mkalimani wake naye alikuwa na jina la kupewa. Alizaliwa Uyaoni, akatekwa utotoni, akauzwa hadi Uhindi. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja. Sidi ndivyo Waafrika walivyoitwa huko Uhindi. Bombay ni mji. Mubarak ni ndugu wa Mabruki, Baraka na Faraji, majina ya heri ambayo waungwana wa pwani nao walipenda kuwabandika watumwa. Hapo tusijisafishe. Jina la Kiyao aliloitwa na mamaye halimo katika vitabu vya wasafiri wale, ijapokuwa wamemsifu na kumkejeli kurasa nzima.

Kule Boston, Marekani, nako mchungaji Cotton Mather alimpa mtumwa wake jina la Onesimo, yule wa Waraka kwa Filemoni: maana yake mwenye kufaa. Akafaa kweli. Alimweleza bwana wake jinsi kwao Afrika watu walivyochanjwa ndui, na ndui ilipoingia mjini mwaka 1721, daktari Boylston akachanja watu zaidi ya 240.

Ila kwangu mimi mkubwa wao ni mtoto. Vanila iliyotoka Mexico ilistawi kisiwani Réunion lakini haikuzaa, kwa kuwa nyuki wa kwao hawakuwapo. Mwaka 1841 Edmond, mtumwa wa miaka 12, alipasua ua, akainua kwa kijiti kile kiutando kinachotenga dume na jike, akabana kwa kidole gumba. Basi. Mtaalamu mmoja wa mimea alijitokeza baadaye kudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Bwana wa Edmond, Bellier-Beaumont, akaandika kumkanusha. Watumwa walipoachwa huru mwaka 1848 wakapewa majina ya ukoo, naye akaandikwa Albius, neno lenye mzizi wa Kilatini wa weupe. Kama ni utani juu ya ngozi yake, ni utani mbaya.

Bombay alivuka bara na msafiri mwingine, Cameron, hadi Atlantiki, na mwaka 1876 alipata nishani ya fedha kutoka London, pamoja na pensheni. Edmond alikufa fukara mwaka 1880.

Kando ya Nyanza hiyohiyo, upande wa Kagera, wakulima wa vanila huamkia shambani msimu wa maua wakiwa na vijiti. Ua hufunguka alfajiri. Likifika mchana limenyauka.