Miaka 160 ya kubishania mzigo: Kutoka ngamia wa Mikindani hadi tela la Rahaleo

Jirani yangu hapa Rahaleo, Mtwara, amenunua Kosta kuukuu. Ameng'oa viti vyote vya nyuma, akapiga vitanda vinne vya mbao, akaweka jiko la gesi, kabati la vyombo na tangi la maji. Sasa anataka kuifungia tela ili Desemba, shule zikifungwa, awachukue mkewe, watoto wao wanne na bibi yao, waende Masasi, Tunduru, Songea, hadi wakaoge Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay. Watalala humo humo garini, na tela litabeba mahema, mchele, mkaa na baiskeli za watoto.

Tangu habari hiyo itoke, gereji ya mtaani imegawanyika. Fundi mmoja anasema Kosta ina injini ya kutosha, itavuta bila kuhema. Mwenzake anasema jirani anataka kuiua gari ya watu, heri auze, anunue Land Cruiser, tela alifunge nyuma na familia ilale mahemani. Kila jioni watu hukusanyika na kila mmoja ana hoja yake.

Nimewasikiliza, nami nimeona niwaambie jambo moja. Ubishi huu una umri wa miaka 160 katika pwani hii. Ulianza kilomita chache tu kutoka hapa, Mikindani, na ulipoanza haukuwa wa magari.

Machi 24, 1866, David Livingstone alishusha msafara wake katika ghuba ya Mikindani. Alikuwa ameondoka Unguja siku tano kabla kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, na wanyama wake wakaletwa kwa jahazi. Nia yake ya kwanza ilikuwa kushukia mlangoni mwa Mto Ruvuma, na alifika huko Machi 22. Lakini mikoko na matope havikumpa nafasi ya kushusha wanyama wakubwa, ikabidi warudi kaskazini hadi Mikindani. Alipanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi, akaanza kupanga mizigo.

Wanyama wenyewe walikuwa jamii ambayo watu wa hapa hawakuzoea kuiona pamoja: ngamia 6, nyati 3 wa kufugwa kutoka India na ndama mmoja, nyumbu 2 wa kubebea mizigo na punda 4. Kwa nini aina nne? Kwa sababu Livingstone alikuwa akichagua. Nchi ya Ruvuma ina mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe na farasi. Alitaka kujua ni mnyama gani angestahimili, ili wasafiri wa baadaye waachane na kubebesha watu vichwani. Kwa lugha ya gereji yetu, alikuja kufanya majaribio ya gari.

Shajara yake, iliyookolewa na Abdulla Susi na James Chuma pamoja na mwili wake, ikachapishwa London mwaka 1874, inaeleza yaliyofuata siku baada ya siku. Tatizo la kwanza lilikuwa njia. Vijia vya nyanda za Makonde vilikuwa vimekatwa kwa kimo cha mtu anayetembea kwa mguu. Ngamia mwenye mzigo hakupita: matawi yalimpiga, mimea inayotambaa ikamkamata. Ikabidi Wamakonde wakodiwe watangulie na mashoka na miundu, wakate vichaka na kuinua dari la msitu ili mnyama apite. Livingstone anasifu ustadi wao, kwamba walipita katikati ya msitu mnene kwa kasi ambayo hakuitarajia. Ni watu hao waliokifungulia chombo kikubwa njia kutoka pwani hii kwenda bara, na hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake tunalikumbuka.

Tatizo la pili lilikuwa mzigo, na hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Wanyama walikabidhiwa askari wa Kihindi, masipahi waliotoka Bombay. Livingstone anaandika kwamba askari hao waliwapakia ngamia kupita kiasi, wakaongeza na mizigo yao wenyewe waliyopaswa kuibeba, wakawafunga vibaya hadi migongo ikachubuka, na wakawapiga. Siku moja alimkuta askari akimtandika ngamia kwa fimbo nene kama mkono wake, kwa kosa la kukwama katika njia nyembamba. Alikaripia, akaonya, akatishia. Askari walikaa kitako njiani wakisema wamechoka. Wiki zilivyopita, ngamia wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, nyati wakafuata, kisha nyumbu na punda. Mwezi Julai aliwarudisha masipahi pwani. Alipoliona Ziwa Nyasa mwezi Agosti, karibu wanyama wote walikuwa wamekwisha.

Sasa ni nani aliyewaua? Livingstone anawalaumu askari. Ni haki kukumbuka kwamba tunasoma upande mmoja tu, kwa sababu masipahi hawakuachiwa nafasi ya kuandika yao. Na mbung'o waliwauma wanyama wale kweli, yeye mwenyewe aliwaona. Lakini hata yeye alijua kwamba jaribio lake limeharibika. Mnyama aliyezidishiwa mzigo, mwenye donda mgongoni, akifa hawezi kukuambia amekufa kwa mbung'o au kwa mzigo. Aliyetaka kupima chombo akakosa jibu kwa sababu hakuna aliyepima mzigo.

Hilo ndilo fundisho ambalo pwani hii imelirudia kila zama.

Wajerumani walijenga boma Mikindani mwaka 1895 na mizigo ikaendelea kwenda bara kwa vichwa vya watu. Mwaka 1947 ukaja mpango wa karanga wa Waingereza, ukazaa mji huu wa Mtwara, bandari yake ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka uliofuata, 1948, Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, na haikuchukua muda ikawa ndiyo gari ya bwana shamba, ya misheni na ya serikali kote Tanganyika. Karanga zilishindwa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo tumebakiwa na kata iitwayo Reli isiyo na reli.

Tela la familia, lile la kulala ndani, lilipita Afrika likatukosa. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa matela ya Airstream yanayong'aa kwa bati la alumini, aliongoza msafara wa familia zenye matela 41 kutoka Cape Town. Mwaka 1960 wakafika Cairo, baada ya kupokewa Addis Ababa na Mfalme Haile Selassie. Magari yaliyovuta yalikuwa yenye nguvu ya kutosha, lakini barabara za Afrika ziliwafundisha adabu kwa ekseli zilizovunjika na matairi yaliyopasuka. Pwani yetu ya kusini hawakuikanyaga, na wangeikanyaga wangekwama.

Kwa nini wangekwama, muulize mtu yeyote wa Mtwara mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori miaka ya 1970. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 560, na kwa siku za kiangazi alizihesabu kwa usiku aliolala njiani, si kwa saa. Masika ikiingia hapakuwa na safari. Tope jeusi la bonde la Rufiji lilifunga barabara, na pantoni la Ndundu likasimama. Mwenye haraka alisubiri meli, au alizunguka Tunduru, Songea na Makambako. Mjomba anasema lori lenye tela lilipofika kwenye kivuko lilifunguliwa vipande viwili: kichwa kikavuka kwanza, tela likafuata kwa zamu nyingine. Dereva mwerevu alilipanga tela lake tangu Mtwara akijua litafunguliwa Ndundu, na asiyejua alishusha magunia matopeni.

Safari ya familia kwa starehe katika miaka hiyo ilikuwa ndoto. Mafuta yalikuwa ya shida kiasi kwamba serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Anayekwenda kuogelea Msimbati na watoto ilimbidi awe amerudi nyumbani kabla ya muda huo.

Kuelekea kusini, kwenye Ruvuma, hali ilikuwa ngumu zaidi, na hili nililiona mwenyewe. Kivuko cha Kilambo kilitegemea bahari. Maji ya bamvua yakijaa, chombo kilipita juu ya mafungu ya mchanga. Maji mafu yakiingia, kilikaa. Kuna miaka ambayo hakukuwa na kivuko kabisa kabla Daraja la Umoja halijajengwa kwenye mto huo, na wasafiri wa magari waliotoka Afrika Kusini au waliokwenda huko walivushwa kwa mitumbwi mikubwa iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao juu. Nilisimama ukingoni siku familia moja ya wageni ilipofika na Land Cruiser na tela la kulala. Wenye mitumbwi walitaka walipwe safari mbili, ya gari na ya tela. Baba mwenye gari akashikilia kwamba ni mali moja, bei moja. Walibishana hadi maji yakaanza kupwa. Mwishowe mzee mmoja wa Kilambo alikwenda kwenye tela, akalishika pale mbele panapoungwa na gari, akajaribu kuliinua. Hakuweza hata kulitikisa. Akasema kwa utulivu kwamba mzigo usioinuliwa na watu wawili hauvuki na gari. Yule baba alifungua tela, akatoa maji, akatoa maboksi ya chakula, akalipa safari mbili. Wakavuka salama.

Mengine ni ya juzi tu. Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 lilifunguliwa Rufiji mwaka 2003, Daraja la Umoja lenye mita 720 likafunguliwa Mtambaswala mwezi Mei 2010, na lami ikafika Songea. Leo mtu anakunywa chai Mtwara na kula chakula cha usiku Dar.

Lami hiyo imetufanya tusahau. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, tulikumbuka kwa siku chache kwamba Kusini ni kisiwa. Kisha tukasahau tena. Tunanunua gari kwa kusikia sauti ya injini na tunafunga tela kwa kutazama kama limeenea. Mtu anachomelea chuma cha kuvutia kwenye bampa, wakati chuma hicho kinapaswa kufungwa kwa bolti kwenye chesisi. Tela linapakiwa nyuma zaidi kuliko mbele, halafu watu wanashangaa linapoyumba kama nyoka kwenye mteremko. Kanuni ni rahisi na mafundi wazuri wanaijua: mzigo mzito ukae juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo, na takribani sehemu ya kumi ya uzito wake ikae pale linapoungwa na gari. Likiwa zito, liwe na breki zake lenyewe, kwa sababu breki za gari zilitengenezwa kusimamisha gari.

Na Kosta ina la kwake la ziada. Mkia wake ni mrefu, tairi za nyuma ziko mbali na bampa. Uzito unaokaa mwisho wa mkia ule unazidishwa kama mtu anayekaa ncha ya ubao wa pembea: nyuma inazama, mbele inapungua, na usukani unakuwa mwepesi mahali ambapo dereva anautaka uwe mzito. Land Cruiser ina mkia mfupi na chesisi nene, na kwa mchanga wa Msimbati ina gia za chini za kukuokoa. Lakini haitalaza bibi na wajukuu wanne. Kila chombo kina lake, na swali la kwanza si kipi kina nguvu. Ni mzigo kiasi gani, na utaupitisha wapi.

Jirani yangu ameelewa. Wiki iliyopita aliipeleka Kosta kwenye mizani ya ghala la korosho ikiwa na vitanda, gesi na tangi lililojaa, familia nzima ikiwa ndani, na bibi akiwa kiti cha mbele. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi lake ni la lita 200. Mizani ilionesha kwamba gari peke yake, bila tela, ilikuwa imekaribia kikomo kilichoandikwa kwenye kibati chake. Amerudi, ameng'oa kabati la mbao na vitanda viwili, na tangi litabaki tupu hadi watakapofika mahali pa kulala. Tela litakuwa dogo, la ekseli moja, la mahema na nguo. Watoto wawili wakubwa watalala hemani. Mafundi wawili wa gereji, kwa mara ya kwanza, wameafikiana.

Safari itaanzia Mikindani, ndivyo nilivyomwomba. Pale mjini kuna nyumba yenye mlango wa nakshi na kibao kinachomtaja Livingstone, na wageni huja kukipiga picha. Ni vizuri kipo. Lakini ningependa Manispaa ya Mtwara Mikindani iweke na cha pili, kwa ajili ya Wamakonde waliotangulia na mashoka wakapima kwa macho kimo cha ngamia na mzigo wake, kisha wakakata njia inayotosha. Hadi kibao hicho kitakapowekwa, nimemwomba jirani awasimamishe wanawe pale dakika tano na awasimulie, kisha azunguke nyuma ya gari, ainue shingo ya tela kwa mikono yake, aone kama inainuka, ndipo waondoke.