Asiyekuwapo na Lake Halipo: Masimulizi ya Marafiki Wazee wa Utamaduni Pinzani wa California

Utangulizi

Mwanahistoria anayeketi kuwasikiliza wazee hukutana na mambo mawili kwa pamoja: yaliyotokea, na yale ambayo wazee wenyewe wamekubaliana kuyakumbuka. Katika Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mwaka 1961 Jan Vansina alichapisha kwa Kifaransa kitabu chake juu ya mapokeo simulizi, na mwaka 1967 Bethwell Ogot akatoa jijini Nairobi historia yake ya Waluo wa Kusini, iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya maneno ya wazee. Tangu hapo msomi hahitaji tena kuthibitishiwa kwamba neno lililosemwa laweza kuwa ushahidi. Linalodai uchunguzi ni aina ya neno lenyewe: limesemwa na nani, limesemwa mbele ya nani, na ni nani hakuwapo liliposemwa.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa mbali, yaani kumbukumbu za watu wa Marekani waliokuwa vijana katika vuguvugu la miaka ya 1960 huko California, na ambao baadaye, wakiwa watu wazima na hatimaye wazee, walikutana na kuusimulia ujana wao. Mfano huu una manufaa ya pekee. Mambo yao yaliandikwa magazetini siku yalipotokea, yakapigwa picha na kuwekewa tarehe. Kwa hiyo masimulizi yao yaweza kulinganishwa na kumbukumbu zilizoandikwa. Ulinganisho huo unaonyesha kwamba gumzo la marafiki huuhifadhi vyema moyo wa wakati wake, lakini hupunguza tarehe, hupunguza jasho, na zaidi ya yote huwapunguza watu.

Jina na wenye jina

Istilahi “utamaduni pinzani” ilipata umaarufu kwa kitabu cha Theodore Roszak kilichotoka mwaka 1969. Kwa istilahi hiyo alikusudia mwenendo wa vijana walioukataa utaratibu wa maisha ya wazazi wao: kazi ya ofisini, nyumba ya kitongojini, vita vya Vietnam, na imani kwamba wataalamu na mashine ndio wenye haki ya kuamua mambo ya wanadamu. Yafaa kukumbuka kwamba jina hili lilienea wakati mengi ya mambo yenyewe yalikuwa yamekwisha kupita. Hata jina la “hippie”, ambalo Kiswahili kimelipokea kwa umbo la “mahipi”, lilienezwa na waandishi wa magazeti ya San Francisco kuliko na vijana wenyewe.

Kitovu cha mambo kilikuwa mtaa wa Haight-Ashbury katika mji huo. Tarehe 14 Januari 1967 watu zaidi ya 20,000 walikusanyika katika bustani ya Golden Gate kusikiliza muziki na mashairi. Allen Ginsberg na Gary Snyder walikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani. Katika kiangazi cha mwaka huo vijana wanaokadiriwa kufikia 100,000 walimiminika mtaani kutoka kila pembe ya Marekani. Wengi hawakuwa na fedha, mahali pa kulala, wala mganga wa kuwatibu. Mwezi Juni daktari kijana, David Smith, alifungua zahanati ya bure, nayo ikawatibu waliougua maradhi ya zinaa na waliodhuriwa na dawa za kulevya. Wakati uo huo, mwandishi Joan Didion, katika insha yake ya mwaka 1967 kuhusu mtaa huo, alieleza habari za mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amepewa dawa ya LSD. Hivyo basi, tangu mwanzo palikuwa na sherehe na palikuwa na madhara, na yote mawili yalishuhudiwa.

Gumzo kama fani

Kukutana kwa marafiki hawa na kukumbushana kumekuwa fani yenye taratibu zake. Sinema mbili za Marekani zaweza kuwa vielelezo. Ya kwanza, “Return of the Secaucus 7” ya John Sayles, ilitoka mwaka 1980. Ya pili, “The Big Chill” ya Lawrence Kasdan, ilitoka mwaka 1983. Katika zote mbili marafiki wa zamani wanakutana kwa siku chache nyumbani kwa mmoja wao, wanapika, wanakunywa, wanataniana, na kupima umbali uliopo kati ya walivyokuwa na walivyo. Katika sinema ya pili kinachowakutanisha ni mazishi ya mwenzao aliyejiua. Hapa baraza limekamilika: kuna wenyeji, kuna chakula, kuna marehemu wa kuliliwa, na kuna swali lisilokuwa na jibu kuhusu ahadi zilizokwenda wapi.

Vitabu navyo vilifuata. Emmett Grogan aliandika “Ringolevio” mwaka 1972, akijisimulia kana kwamba anamsimulia mtu mwingine, na kuchanganya yaliyotukia na ya kujitukuza. Alifariki mwaka 1978. Rafiki yake Peter Coyote, aliyekuja kuwa mwigizaji wa sinema, alitoa kumbukumbu zake, “Sleeping Where I Fall”, mwaka 1998, na humo anawataja wenzake kadhaa waliokufa kabla ya kuzeeka. Upo pia mzaha uliozoeleka miongoni mwa watu wa rika hilo, kwamba mwenye kuikumbuka miaka ya sitini hakuwapo. Mzaha huu umehusishwa na watu wengi tofauti, na jambo hilo pekee latosha kuonyesha kwamba umekuwa mali ya kundi. Kazi yake katika gumzo ni kumwondolea msimulizi wajibu wa usahihi kabla hajaanza kusema.

Tarehe

Upungufu wa kwanza ni wa wakati. Mtafiti wa Kiitaliano, Alessandro Portelli, alionyesha jinsi wafanyakazi wa mji wa Terni walivyosimulia kifo cha mwenzao, Luigi Trastulli. Aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi kujiunga na NATO, lakini wasimulizi wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, wakati wafanyakazi walipoachishwa kazi kwa wingi. Kwa Portelli hilo halikuwa kosa la kutupwa, kwani lilieleza mahali kidonda cha wafanyakazi kilipokuwa.

Simulizi ya San Francisco ina uhamisho wa namna hiyo. Mwisho wa utamaduni pinzani huwekwa kwa kawaida tarehe 6 Desemba 1969, siku ya tamasha la Altamont, ambapo Meredith Hunter, kijana mweusi mwenye umri wa miaka 18, aliuawa kwa kisu mbele ya jukwaa. Tamasha la Woodstock la Agosti mwaka huo hufanywa kilele, na Altamont anguko. Lakini wakazi wa Haight-Ashbury walikuwa wamekwisha kutangaza mwisho wao mapema zaidi. Tarehe 6 Oktoba 1967, mwaka mmoja kamili tangu California ipige LSD marufuku, walipita mtaani wakibeba jeneza na kufanya mazishi ya “mahipi”. Walitaka vijana waache kuja, na magazeti yaache kuwauza. Simulizi inayoupeleka mwisho mwaka 1969 inautoa uamuzi huo mikononi mwa wenyeji na kuukabidhi kwa mkasa. Huenda ni rahisi zaidi kwa mzee kusema kwamba ndoto yake iliuawa kuliko kusema kwamba wenzake waliizika wenyewe walipoiona imeharibika.

Jasho

Upungufu wa pili ni wa kazi. Miongoni mwa makundi yanayokumbukwa kwa fahari ni Diggers, maana yake wachimbaji, waliotokana na kikundi cha maigizo cha San Francisco Mime Troupe. Jina lao walilitwaa kwa wakulima maskini wa Uingereza ambao mwaka 1649, wakiongozwa na Gerrard Winstanley, walilima ardhi ya umma huko Surrey. Kuanzia Oktoba 1966 Diggers waligawa chakula cha bure kila siku saa kumi alasiri katika bustani. Mwenye kuja kula alipita kwanza ndani ya fremu kubwa ya mbao iliyopakwa rangi ya manjano, ishara ya kwamba anabadili namna yake ya kuutazama ulimwengu. Walifungua pia maduka ambayo bidhaa zake hazikuuzwa, na wakaoka mkate wa ngano isiyokobolewa ndani ya makopo matupu ya kahawa.

Fremu ya manjano hukumbukwa na kila msimulizi. Sufuria hukumbukwa kwa nadra. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Na chakula hicho kilipatikana kwa kuzunguka sokoni alfajiri kuomba mboga zilizobaki, kuzibeba, kuzimenya na kuzipika kwa ajili ya makumi ya watu. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na wanawake. Wanaume waliandika vipeperushi, na baadaye wakaandika vitabu. Kundi lililokataa mgawanyo wa mali wa wazazi wao liliuacha mgawanyo wa jikoni kama lilivyoukuta, na kwa kuwa vitabu ndivyo vilivyotangulia kuiunda kumbukumbu, gumzo nalo likaufuata mgawanyo huo huo.

Wasiokuwapo

Upungufu wa tatu ndio mzito. Tarehe 27 Septemba 1966, polisi wa San Francisco alimpiga risasi na kumwua kijana mweusi wa miaka 16 katika mtaa wa Hunters Point. Ghasia zikazuka, askari wa akiba wakaitwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikafika hata Haight. Ni katika siku hizo, na kwa kuipinga amri hiyo, Diggers walipoanza kubandika matangazo yao ya kwanza. Yaani chakula cha bustanini kina mzizi katika kifo cha kijana ambaye jina lake husikika mara chache katika baraza la marafiki.

Miezi mitatu ya mwisho ya mwaka 1966 inastahili kutazamwa kwa pamoja. Mwezi Oktoba Diggers walianza kugawa chakula. Mwezi uo huo, ng’ambo ya ghuba, mjini Oakland, Huey Newton na Bobby Seale waliunda chama cha Black Panther, ambacho Januari 1969 kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa cha bure. Mwezi Desemba, mjini Los Angeles, Maulana Karenga na kundi lake la US, lililoundwa baada ya ghasia za Watts za mwaka 1965, waliadhimisha Kwanzaa kwa mara ya kwanza. Wote hawa walikuwa watu wa rika la ujana wanaoukataa utamaduni mkuu. Wala hawakuwa kitu kimoja: tarehe 17 Januari 1969 uhasama kati ya Black Panther na US uliishia kwa wanachama wawili wa Black Panther, Bunchy Carter na John Huggins, kuuawa katika chuo kikuu cha UCLA. Hata hivyo, pale “ujana wa miaka ya sitini” unapokumbukwa, mara nyingi ni mtaa mmoja tu unaosimama badala ya jimbo zima. Katika “The Big Chill” wahusika wakuu wote ni weupe, na sinema yenyewe haioni haja ya kulieleza jambo hilo.

Hawapo pia wale waliokwenda vitani. Wanafunzi wa vyuo waliweza kuahirishiwa wito wa jeshi, fursa ambayo vijana wa kazi za mikono hawakuwa nayo. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa kwa sababu ya vita vya Vietnam. Waliorudi walikuwa na mabaraza yao, na mabaraza hayo mawili ya rika moja hayakukaribishana kwa urahisi.

Kwa wanaisimu, mfano wa Kwanzaa una funzo la ziada. Jina lilitokana na “matunda ya kwanza”, likaongezewa herufi “a” ili liwe na herufi saba, sawa na misingi saba: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Wahakiki wamesema kwamba mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, pasipozungumzwa Kiswahili. Wenye kukichagua walikitaka kwa sababu hakikuwa cha kabila moja. Matumizi nayo ni mapya: “kuumba”, kitenzi-jina, imekuwa jina la fadhila, “kujichagulia” imebebeshwa maana ya kisiasa ya taifa kujiamulia mambo yake, “ujamaa” imepokewa baada ya Nyerere kuieleza katika kijitabu chake cha mwaka 1962. Lakini jambo kubwa ni njia ya uhifadhi. Marafiki wa Haight waliikabidhi kumbukumbu yao kwa gumzo, na gumzo huhitaji aliyekuwapo. Watu wa Kwanzaa waliikabidhi yao kwa maneno saba na siku saba, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, ambayo hata mtoto asiyekuwapo aweza kuyatamka.

Hitimisho

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 katika kiangazi cha 1967 alizaliwa mwaka 1947. Sasa anaukaribia umri wa miaka 80. Baraza lake linapungua kila mwaka, na kwa kila mmoja anayeondoka masimulizi ya waliobaki hupatana zaidi, kwa sababu wa kuyapinga wamepungua. Msikilizaji asichukue mapatano hayo kuwa uthibitisho.

Kwa hiyo mwenye kukusanya masimulizi ya wazee, awe San Francisco, Kisumu au Lamu, hana budi kufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuyapokea maneno yao kwa heshima, kwani hakuna hati iwezayo kueleza ladha ya mkate uliookwa kopo la kahawa. Ya pili ni kuondoka barazani na kwenda kumtafuta aliyeukanda, aliyezuiwa kuingia, na aliyezikwa kabla ya hadithi kuanza. Methali yasema asiyekuwapo na lake halipo. Katika kugawana chakula hiyo yaweza kuwa kanuni ya haki, lakini katika kuandika historia ni onyo.